Neno la Kiingereza lenye maana nyingi: tazama jirani yake kwanza

Kabla ya kufungua kamusi, angalia neno lililotangulia. Likiwa the, a au my, soma penye n. tu, yaani nomino. Likiwa to, will au can, nenda penye v., kitenzi. The book ni kitabu. To book ni kuweka nafasi, iwe hotelini au kwenye basi. Kamusi hutenga maana kwa aina ya neno, kwa hiyo unaruka mistari mingi. Mbinu hukwama kivumishi kikijipenyeza: katika the light bag, light ni -epesi, si taa. Hukwama pia kwa bank, maana benki na ukingo wa mto zote ni nomino; hapo tafuta river au money kwenye sentensi. Na run out? Itafute nzima: kuishiwa.