Kufundisha watoto wa shule kufuma: mimi naanzaga hivi

Mi ni mwalimu wa msingi huku Njombe, baridi ya mwezi wa sita mnaijua, na kila Ijumaa baada ya vipindi nakaa na watoto kama 20 wa darasa la tano tunafuma.

Vifaa kwanza. Sindano za dukani zikikosekana chonga mianzi, unene milimita 5 hivi, piga msasa mpaka uzi uteleze. Spoku za baiskeli watu wanatumia ila kwa anayeanza ni nyembamba mno. Mkiani zungushia mpira wa hela vitanzi visichomoke. Uzi chukua mnene wa rangi ya kung'aa, mweusi achana nao kabisa, hata wewe mwenyewe hutaona kitanzi kiko wapi.

Hatua ya 1: wiki ya kwanza sindano zibaki kabatini. Wafume kwa vidole, kitanzi kimoja, vuta uzi upite ndani yake kiwe kitanzi kingine, afu tena, inatoka kamba wanavaa mkononi kama bangili na kesho yake darasa zima linataka kujiunga.

Hatua ya 2: anzisha vitanzi 20. Hii nawafanyia mwenyewe usiku nyumbani pamoja na mstari wa kwanza, maana ndio mgumu kuliko yote na mtoto akikwama hapo harudi. Kuanzisha watajifunza baadae.

Hatua ya 3: maneno manne, tunayaimba. Ingia, sindano ya kulia ipenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha. Chomoa, ncha irudi mbele na uzi wake. Angusha kitanzi cha zamani. Wa mashoto mkae uso kwa uso akuige kama kwenye kioo. (Wavulana watasema ni kazi ya wasichana, waulize nyavu za kule Ziwa Nyasa zinafumwa na nani.)

Hatua ya 4: wahesabu kila mwisho wa mstari. Hapa ndo utachoka aisee, mtoto alianza na 20 sasa ana 26 na kitambaa kinapanuka kama sketi. Sababu karibu kila mara ni moja, akigeuza sindano uzi unapanda juu, kitanzi cha kwanza kinaonekana viwili na yeye anavifuma vyote. Mfundishe kuvuta uzi chini kwanza, afu aupitishe chini ya sindano kwenda nyuma, asiupitishe juu.

Hatua ya 5: kikifika sentimita 20 funga. Fuma viwili, cha kwanza kivushe juu ya cha pili kianguke, fuma kingine, vusha tena, kikibaki kimoja kata uzi, pitisha ndani, kaza. Kunja katikati, shona pembeni mbili, hicho kipochi cha hela.

Kishikio cha sufuria wataomba tu, wakatalie kama uzi ni akriliki, ukipata moto unayeyuka na kunata kwenye ngozi.