Namna ya kukagua upendeleo katika upangaji wa vitabu vya maktaba ya shule

Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada na uliochapishwa Marekani mwaka 1876, haukugawa namba kwa usawa: Ukristo umetandazwa kuanzia 220 hadi 289 ilhali Uislamu umebanwa ndani ya 297, na fasihi ya Kiswahili imesukumwa hadi 896.392. Mwalimu anayesimamia maktaba ya shule hapa Moshi hana haja ya kuuacha mfumo huo, ila aukague.

Anza na rafu za 305 (makundi ya kijamii), 390 (mila na desturi) na 398 (ngano na simulizi), kwani huko vitabu kuhusu Waafrika hurundikwa kwa sababu ya watu wanaotajwa, si jambo linaloelezwa. Soma yaliyomo na utangulizi, kisha jiulize kitabu hicho kingewekwa wapi iwapo kingehusu Wajerumani. Kitabu kinachoeleza jinsi Wachaga walivyochimba mifongo, yaani mifereji, ili kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, kinastahili 631.587, pamoja na vitabu vingine vya umwagiliaji. Cha ufugaji wa Wamaasai kiende 636. Kinachoeleza taratibu za harusi kibaki 392, maana hapo ndipo mahali pake halali. Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, alikuta vitabu vya watu weusi vikiwekwa 325, yaani ukoloni, au 326, utumwa, hata vikiwa vya ushairi, naye akavipanga upya kwa aina ya maandishi na mwandishi.

Kwa fasihi, kanuni za mfumo wenyewe zinaruhusu lugha inayopewa kipaumbele iwekwe 810, au ipewe herufi badala ya tarakimu ya pili, kwa mfano 8S0 kwa Kiswahili. Mimi napendelea herufi: mwanafunzi akienda maktaba ya mkoa hatachanganyikiwa akikuta fasihi ya Marekani kwenye 810, na lebo fupi hukaa vizuri kwenye mgongo mwembamba wa tamthilia.

Kisha pitia vichwa vya mada katika katalogi. Palipoandikwa “vilema”, andika “watu wenye ulemavu”. Palipoandikwa “zeruzeru”, andika “watu wenye ualbino”. Neno la zamani libaki kama kielekezi tu, kwa sababu wapo watakaolitafuta.

Usihamishe rafu nzima kwa mkupuo. Kila kitabu kibadilishiwe lebo, kadi na kumbukumbu ya kompyuta siku hiyohiyo, na sababu ya uamuzi iandikwe daftarini ili mwalimu atakayekupokea asikirudishe kilikotoka.