Namna ya kumsoma Hannah Arendt na wenzako kibarazani

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi na Hannah Arendt, mwanafikra wa siasa, Myahudi wa Ujerumani, huwa wameshapakua kitabu chake kikubwa kuhusu tawala za kiimla, The Origins of Totalitarianism, na wamekwama kurasa za mwanzoni. Kiwekeni pembeni kwanza. Anzeni na makala yake fupi ya 1943, We Refugees. Nenda steshenari yoyote, sisi tuko Magomeni na hazikosekani, utoe kopi upande mmoja tu wa karatasi. Ule mwingine ni wa kuandikia. Someni kwa sauti, kwa zamu, na mmoja awe anaeleza kila aya kwa Kiswahili.

Makala inaanza kwa kukataa: hatupendi kuitwa wakimbizi. Mbele kidogo anakuja Bwana Cohn, Myahudi wa Berlin aliyekuwa Mjerumani kwa asilimia 150. Akikimbilia Prague anageuka mzalendo wa Kicheki, akihamia Vienna anakuwa wa Austria, akifika Paris ni Mfaransa. Hapo simameni, acheni watu waongee. Kwetu mzee mmoja aliyekulia Kigoma alimkumbuka jirani yake Mrundi, aliyekuja baada ya mauaji ya 1972, akajifunza Kiha mpaka akawa anawasahihisha Waha wenyewe. Bwana Cohn hakuwa tena mtu wa mbali.

Maisha ya Arendt yasimulie baada ya hapo, si kabla. Alizaliwa 1906 karibu na Hannover, akakulia Königsberg, akasoma falsafa kwa Martin Heidegger na Karl Jaspers. Mwaka 1933, Wanazi walipoingia madarakani, alikamatwa Berlin kwa kukusanya ushahidi wa chuki dhidi ya Wayahudi. Alipoachiwa alitoroka hadi Paris bila hati za kusafiria. Mwaka 1940 Wafaransa wakamfungia katika kambi ya Gurs kwa sababu ni Mjerumani, ilhali kwao Ujerumani hakuwa na haki yoyote. Alifika New York 1941, na uraia wa Marekani akaupata 1951, mwaka uleule kitabu kile kikubwa kilipotoka.

Sasa kifungueni, lakini katikati: sura ya mwisho ya sehemu ya pili. Anasema haki za binadamu zilivunjika palepale zilipohitajika, pale mtu alipobaki binadamu tu, hana dola inayomtambua. Kwa hiyo kabla ya haki nyingine zote ipo haki ya kuwa na haki. Kwangu hii ndiyo sura bora aliyowahi kuiandika. Ipeni jioni nzima.

Sehemu hiyo inatugusa kwa njia nyingine pia. Anamtaja Carl Peters, yule Mjerumani aliyezunguka Usagara 1884 akiwasainisha machifu mikataba. Hoja yake ni kwamba ubaguzi na utawala wa mabavu uliozoeleka makoloni ulirudi kuitafuna Ulaya. Lakini Waafrika wenyewe anawaandika kama watu wasio na historia. Inaniuma kuyasoma hayo kutoka kwa mtu aliyejua kufutwa ni nini. Msiziruke kurasa hizo, wala msizimeze. Siku hiyo mpeni mmoja wenu kazi ya kuelezea Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ili zipate wa kuzijibu.

Eichmann in Jerusalem, kitabu chake cha 1963 kuhusu kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, kije baadaye. Lazima atatokea mtu, mara nyingi mtumishi wa ofisini, atakayesema Arendt anamtetea Eichmann kwamba alitii amri tu. Usibishane naye. Mpe asome mwisho wa hitimisho, pale Arendt mwenyewe anapomhukumu Eichmann na kukubali anyongwe. Kutofikiri kwa Eichmann ndilo kosa Arendt analolichambua. Hakulifanya kuwa udhuru.

Kitabu chake kingine, The Human Condition, kiacheni mpaka kundi lizoeane. Kinataka watu waliokwisha kubishana wakaachana bila kununiana.