Kumlisha mama aliyepita sabini

Mama yangu, hapa Wete, ana miaka 78. Mwaka jana kandambili ilikuwa ikimvuka njiani naye hana habari, mpaka mtoto aiokote amletee. Tukasema uzee. Damu ilipopimwa, kumbe vitamini B12, inayolinda neva (mishipa ya fahamu), iko chini; ndiyo maana miguu haikuhisi.

Basi anzia kwenye kipimo, si dukani. Tumbo la wazee wengi hupunguza asidi, na asidi ndiyo inayosaidia kuibandua B12 kwenye samaki na nyama. Ndiyo maana mama alikuwa akila pweza wake kama kawaida na bado akapungukiwa. Anayemeza metformini ya kisukari, hatari huzidi. Wala usimpe vidonge vya asidi ya foliki, vile vya kuongeza damu, peke yake: kipimo cha damu kitapendeza huku neva zikiharibika. Wangu alichomwa sindano ya B12.

Vitamini D, ngozi iliyozeeka huitengeneza kidogo hata kwa jua letu hili, na mwanamke wa buibui jua halimfikii. Namtoa uani saa nne, mikono na miguu wazi, robo saa hivi. Aliyepita miaka 70 huhitaji mikrogramu 20 kwa siku, kwa hiyo namwongezea dagaa. Nawatwanga kwanza, meno yamebaki manne.

Vitamini C ni rahisi: pera, embe, ndimu ikamuliwe mchuzi ukishaepuliwa. Maini usizidishe. Vitamini A huwekwa kwenye ini, na mwili wa mzee huchelewa kuiondoa. Mara moja kwa wiki yatosha, hata akinuna.