Pensheni ya serikali Uingereza: uichukue sasa au uiache isubiri ukiwa bado kazini?

Mwongozo huu ni wa aliyefikisha umri wa pensheni ya serikali Uingereza tarehe 6 Aprili 2016 au baadaye, na bado yuko kazini. Waliotangulia wana kanuni zao, tusizichanganye. Ukiahirisha, yaani usipoidai kwanza, kila wiki unayopata baadaye inakuwa kubwa zaidi; swali ni kama inalipa. Nimewasaidia wazee wetu wengi kwenye jambo hili, na karibu wote huanza na swali la nitaishi mpaka lini. Liweke kando kwanza, anza na kodi.

Hatua ya 1: Jua kiasi chako

Ingia GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, fungua makadirio ya pensheni yako, andika kiasi cha kwa wiki. Basi.

Hatua ya 2: Angalia misaada

Ukipokea Pension Credit (msaada wa wazee wenye kipato kidogo), Universal Credit (msaada wa kipato kidogo kwa jumla) au Carer's Allowance (posho ya anayemhudumia mgonjwa au mlemavu), kipindi hicho hakiongezi chochote kwenye pensheni uliyoiahirisha. Mwenzi wako akipokea Pension Credit au Universal Credit, hali ni ileile. Kama hapa umeguswa, chukua pensheni yako, usiendelee kusoma.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kodi

Hapa ndipo watu hukesha. Chukua karatasi na kalamu. Vikokotoo vya mtandaoni sivipendi: vingi vinakupa jibu bila kukuonyesha vimedhani kodi ya kiasi gani.

Kanuni yenyewe: kila wiki 9 unazosubiri zinaongeza asilimia 1, yaani karibu asilimia 5.8 kwa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka wa kodi 2025/26, ninaoutumia kwenye hesabu zote hapa, ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, au 11,973 kwa mwaka. Ukisubiri mwaka mzima, unaziacha hizo 11,973 ili upate nyongeza ya kama 692 kila mwaka maisha yako yote. Gawanya: miaka 17 na ushee kabla hujarudisha ulichoacha.

Sasa ingiza kodi. Kiwango kisichotozwa ni 12,570, na pensheni peke yake inakimaliza karibu chote. Pensheni hulipwa bila kukatwa kodi, kwa hiyo kodi yake inachukuliwa kwenye mshahara: namba ya kodi 1257L kwenye slipu yako (zile 12,570) inageuka kuwa kama 59L (597 zinazobaki baada ya kutoa pensheni). Mwajiri hajakupunja, ndiyo hesabu yenyewe.

Mshahara wako ukiwa 30,000, unakatwa asilimia 20 sasa, na kama utakuwa na pensheni ya kazini pia, nyongeza nayo itakatwa asilimia 20 baadaye. Jibu linabaki 17. Ukiwa 45,000 mambo yanabadilika. Jumla inafika 56,973, na asilimia 40 inaanzia 50,270. Wengi hudhani pensheni yote inakatwa 40. Sivyo: 6,703 tu ndizo zinazovuka mstari, 5,270 zilizobaki zinakatwa 20. Mkononi zinabaki kama 8,238. Nyongeza baada ya kodi ni 553 kwa mwaka, kwa hiyo unarudisha fedha yako kwa miaka 15. Mshahara ukiwa umeshavuka 50,270 wenyewe, ni miaka 13. (Scotland ina viwango vyake vya kodi, rudia hesabu kwa viwango hivyo.)

Sasa rudi kwenye lile swali la umri. Miaka 13 kwa mwenye afya nzuri naiafiki. Miaka 17 siipendi, maana nyongeza hii kwa kawaida hairithiwi.

Kwa wa 45,000 mimi hupendelea njia nyingine: chukua pensheni, kisha ongeza mchango wako kwenye pensheni ya kazini kwa zile 6,703. Unarudi chini ya mstari wa 40, na fedha inabaki yako. Nafuu hiyo ya kodi ipo mpaka ufikishe miaka 75. Ila kama umeshaanza kuchota kwenye pensheni binafsi, ulizia kwanza kikomo cha mchango wako.

Hatua ya 4: Utazeekea wapi?

Ukirudi kuishi Kenya au Tanzania, pensheni inaganda: haipandi tena kila mwaka, na nyongeza ya kusubiri inaganda nayo. Ile nyongeza ya 692 ni kama pauni 13 kwa wiki, na pauni 13 za leo, baada ya miaka 17 bila kupanda, hazitanunua kitu kilekile. Mwenye tiketi ya kurudi nyumbani namshauri asisubiri.

Hatua ya 5: Tekeleza

Kuahirisha hakuna fomu. Pensheni haiji mpaka uidai, kwa hiyo kaa kimya tu. Ukibadili nia, unaweza kudai malimbikizo ya hadi miezi 12 nyuma, ila kipindi utakacholipwa hakitaongeza asilimia.

Na National Insurance, yale makato ya bima ya taifa kwenye mshahara, inakoma siku ya kufikisha umri wa pensheni, uwe umedai pensheni au hujadai. Tazama slipu ya mshahara: herufi ya National Insurance, A kwa wengi, inatakiwa igeuke C. Ikiendelea kusoma A, wapelekee wahasibu wa mishahara pasipoti yako au cheti cha kuzaliwa, na udai ulichokatwa.