Jinsi ya kujionea kuhama kunavyobadili ushirikiano kwenye kundi

Chukua karatasi ya miraba, au kompyuta kama unajua kuandika programu, chora miraba 20 kwa 20 ujaze watu nusu tu, usijaze yote maana nafasi wazi ndo roho ya zoezi hili. Nusu ya watu wape tabia ya kusaidia, waliobaki wawe wanyonyaji. Kila mtu acheze na majirani zake: wakisaidiana kila mmoja anapata pointi 3, wakinyonyana 1, mnyonyaji akimpata msaidizi anabeba 5 mwenzie sifuri. Mwisho wa raundi kila mtu anaiga jirani mwenye pointi nyingi.

Anza bila kuhama. Watafiti Nowak na May walionyesha mwaka 1992 kwamba wasaidizi wakikaa karibukaribu wanaweza kudumu.

Sasa waache wazurure ovyo kwa kasi, utaona vile vikundi vinavunjika, mnyonyaji anakula hapa anakimbilia kule kabla hajaishiwa, inauma kweli kuangalia.

Lakini usiishie hapo, patamu panakuja! Wafanye wahame kwa sababu. Sheria nyepesi ni hii, ukinyonywa ondoka, mtafiti Aktipis aliijaribu mwaka 2004 na wasaidizi wakafanya vizuri. Au mtu achungulie nafasi wazi za karibu ahamie penye faida zaidi, ndo walivyofanya watafiti Helbing na Yu mwaka 2009, ushirikiano ukazuka hata walipoanza na wanyonyaji watupu, ila waliruhusu mtu abadili tabia kwa bahati nasibu mara chache, kwa hiyo na wewe iweke hiyo.

Rudia zoezi zima mara nyingi, jaribio moja linadanganya.