Mtu wa Tanga anayetaka kusoma sheria New York: uliza kliniki kabla ya jina la chuo

Ndugu zetu walioko Marekani wakipiga simu nyumbani Tanga kuhusu kusoma sheria, swali lao la kwanza huwa moja: chuo gani kina jina? Wengi wao wana shahada tayari, wanafanya kazi za hospitali, za maghala au za udereva, na wameona kwamba bila taaluma yenye leseni miaka inakwenda. Swali hilo silikatai. Ila lipo jingine ambalo ningetaka litangulie: chuo gani kitanikalisha mbele ya mteja wa kweli kabla sijahitimu, kwa ada ninayoimudu?

Anayekaa Tanga anajua kwa nini nalisisitiza. Nenda mahakamani asubuhi yoyote ya kazi. Utamkuta mama ameshika bahasha ya kaki, ndani yake mna muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi wa mirathi, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, na nakala ya hati ya nyumba ya Ngamiani iliyofifia hata namba ya kiwanja haisomeki. Ameshaeleza shida yake kwa watu wanne na kila mmoja amempa jibu lake. Anachohitaji ni mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho, kuzipanga karatasi kwa tarehe, kugundua ipi haipo, kisha kuandika kurasa mbili ambazo hakimu atazielewa. Kazi hiyo haifundishiki kwa kusoma kesi peke yake. Hufundishwa kwa kuifanya, huku mwalimu akiwa pembeni anakusahihisha.

Kwa aliyeko New York, chuo ninachokitaja kwanza ni cha sheria cha CUNY, yaani City University of New York. Kilianza mwaka 1983, ndicho chuo cha sheria cha umma cha jiji hilo, na tangu 2012 kipo Long Island City, Queens, pale Court Square ambapo treni za E, M, G na 7 zinakutana. Tangu mwanzo kilijengwa kuwatoa mawakili wa watu wa kawaida: wapangaji, wafanyakazi, wahamiaji, wazee, washtakiwa wasio na fedha. Hakuna anayehitimu bila kupita kwenye kliniki ya sheria, yaani ofisi ya chuo ambako wanafunzi huwahudumia wateja wa kweli, au mafunzo ya kazini yanayosimamiwa. Katika kliniki unapewa jalada la mtu halisi. Unampigia simu, unamhoji, unaandika hati, na chini ya profesa mwenye leseni ya uwakili unaweza kusimama mbele ya jaji. Sheria za New York zinaruhusu wanafunzi wanaosimamiwa kufanya hivyo, na hata katika mahakama za uhamiaji mwanafunzi wa sheria anaweza kumwakilisha mtu, mradi anasimamiwa na halipwi na mteja. Kwa anayefanya kazi mchana, chuo hicho kina pia programu ya jioni ya miaka minne, iliyoanza 2015.

Aliyeko Washington aangalie chuo cha sheria cha UDC, yaani University of the District of Columbia, nacho ni cha umma na kliniki ni lazima. Mizizi yake ni chuo cha Antioch, kilichofunguliwa mwaka 1972 na Edgar na Jean Cahn, mtu na mkewe, kwa imani kwamba mwanafunzi wa sheria ajifunze kwa kuwahudumia maskini.

Ukiwa jimbo jingine, usidanganyike na tangazo. Chombo kinachoidhinisha vyuo vya sheria Marekani, ABA, kinataka kila mwanafunzi apate angalau krediti sita za mafunzo ya vitendo, kwa hiyo kila chuo kitakuambia kina vitendo. Lakini krediti hizo zinaweza kupatikana hata kwa madarasa ya kuigiza, ambako mteja ni mwanafunzi mwenzako. Uliza waziwazi: kliniki ni ya wote au ya watakaopata nafasi? Profesa mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Nitashika kesi ya mtu, au nitamsaidia anayeishika? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko orodha za magazeti zinazovipanga vyuo kwa namba.

Kama una LLB (shahada ya kwanza ya sheria) ya Tanzania, soma hapa kwanza

Hili ningependa likufikie kabla hujatoa senti. Shahada ya sheria ya Marekani, JD, ni ya miaka mitatu na husomwa na mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote. Mwenye LLB ya Dar es Salaam au Mzumbe huenda haihitaji kabisa. New York huwaruhusu baadhi ya waliosoma sheria nje kufanya mtihani wa uwakili, kwa kuangalia mambo mawili makubwa: kama masomo yao yalichukua muda unaolingana na wa Marekani, na kama nchi walikosoma inafuata mfumo wa sheria wa Kiingereza. Tanzania imo katika mfumo huo. Sheria yetu yenyewe inataja tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ambayo sheria za Uingereza zilipokelewa Tanganyika. Anayepungukiwa na moja kati ya hayo mawili anaweza kujaziwa pengo na shahada ya uzamili ya sheria, LLM, ya krediti 24 katika chuo kilichoidhinishwa, akihudhuria darasani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwaomba Board of Law Examiners, bodi ya mitihani ya uwakili ya New York, waitathmini shahada yako, kisha usubiri jibu la maandishi. Tofauti kati ya mwaka mmoja wa shule na mitatu ni fedha ambazo zingejenga nyumba Kange.

Hata hivyo, LLM nyingi zina vitendo vichache. Ukipita njia hiyo, tafuta mahali pa kujitolea katika ofisi ya msaada wa kisheria mapema. New York humtaka kila anayeomba leseni awe amefanya saa 50 za kazi ya kisheria bila malipo, na saa za kliniki ya chuo zinahesabiwa.

Karatasi za nyumbani

Maombi ya JD hupita LSAC, taasisi inayoyapokea kwa niaba ya vyuo, wanaoendesha pia LSAT, mtihani wa kuingia chuo cha sheria, ambao alama zake ni kati ya 120 na 180. Tangu Agosti 2024 ule mtihani hauna tena sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu. Uliobaki ni kusoma kwa makini na kupima hoja, hivyo vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa bei poa vitakupotezea muda.

Watu wetu hukwama kwenye transkripti. LSAC wanataka itoke moja kwa moja kwa chuo kilichokusomesha. Ule utaratibu wetu wa kumtuma binamu aichukue Dar, aipakie basi la Tanga, kisha ije na mgeni anayesafiri, hapa haufai hata kama bahasha ina mhuri. Andikia ofisi ya msajili wa chuo chako, lipa ada ya kutuma, wao waitume wenyewe. Anza miezi kadhaa kabla.

La pili ni majina. Nyumbani tunaandika jina la mtu, la baba na la babu. Fomu za Marekani zinataka jina la kwanza na la ukoo. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imegeuza mpangilio. Msichana aliyeandikwa Mwanaidi darasani anaweza kuwa Mwanaid kwenye cheti. Linganisha karatasi zako zote ukiwa umetulia, na kama zinatofautiana pata hati ya kiapo kwa wakili wa Tanzania kabla hujajaza chochote. Kisha tumia mpangilio mmoja kila mahali hadi siku ya kuapishwa.

Na fomu ya chuo ikiuliza kama umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kufukuzwa shule, jibu kweli tupu, hata kama ni jambo dogo la barabarani. Watakaokupima tabia kabla ya kukupa leseni watachukua fomu hiyo na kuilinganisha na utakachowaambia wao. Kosa dogo lililoelezwa husameheka. Lililofichwa huharibu kila kitu.

Ada, ukazi na visa

Ada ya mkazi wa New York katika chuo cha umma ni nafuu kuliko ya asiye mkazi. Kwa CUNY lazima uwe umeishi jimboni miezi 12 mfululizo kabla ya masomo kuanza, tena ukiwa na hadhi ya uhamiaji inayokubalika. Kwa hiyo uliyeko Ohio au Texas na una grini kadi, fikiria kuhamia mwaka mmoja mapema, ufanye kazi, uweke mkataba wa nyumba na kumbukumbu za kodi vizuri.

Mwenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, hesabu yake ni nyingine. Hapati mkopo wa serikali ya shirikisho, hawezi kusoma programu ya jioni ya muda nusu kwa sababu visa inamtaka awe mwanafunzi wa muda wote, na masomo yakiendelea anaruhusiwa saa 20 tu za kazi kwa wiki, ndani ya chuo. Hata mafunzo ya kazini yanayotolewa na chuo, aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa apate ruhusa ya maandishi. Kazi ya pembeni bila kibali, ambayo wengine huiona ya kawaida, inaweza kukukosesha visa na leseni kwa pamoja.

Wenye grini kadi na wakimbizi wanastahili mikopo ya shirikisho, lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeibana: kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mwanafunzi wa sheria hapewi zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Hapo ndipo chuo cha umma kinapookoa mtu. Na ukifanya kazi serikalini au katika shirika la msaada, deni lililobaki linaweza kufutwa baada ya malipo 120 yaliyofuata masharti.

Kabla ya mwaka wa kwanza, zungumza na wazazi na wadogo zako kuhusu fedha unazotuma. Wape tarehe na kiasi kipya. Wazee wanaelewa wakiambiwa mapema. Kinachowaumiza ni simu isiyopokelewa.

Utaitwa wakili kabla hujawa wakili

Wiki ile ile utakayoanza masomo, habari itafika msikitini, kwenye harusi na kwenye kundi la WhatsApp. Shemeji ataleta fomu ya uhamiaji umjazie. Mtu usiyemjua atakutumia picha ya barua ya kufukuzwa kwenye nyumba. Moyo utataka kusaidia, na ni moyo mzuri. Lakini kumshauri mtu kisheria bila leseni ni kosa New York, na fomu moja ya uhamiaji iliyojazwa vibaya inaweza kumrudisha mtu alikotoka. Mpeleke kliniki ya chuo chako, msindikize mpaka mlangoni, mtafsirie akikuomba. Msaada huo ni mkubwa.

Ndani ya kliniki, siri ya mteja haina ndugu. Mteja akiwa Mswahili mwenzako mtakutana barabarani, na watu watakuuliza kesi ya fulani imefikia wapi. Hujui, hukumwona, hukusikia. Sisi watu wa pwani tunaishi kwa kujuliana hali, kwa hiyo hili lina ugumu wake. Lizoee tangu siku ya kwanza.

Kiswahili chako ni mali huko. Wapo Wakongo, Warundi na Wakenya wanaoeleza yaliyowapata kupitia mkalimani wa simu asiyejua lafudhi yao. Ila mwambie profesa wako mapema kama utakuwa mwanasheria katika kesi hiyo au mkalimani. Kazi hizo mbili kwa pamoja zinachosha, na moja huharibika.

Maswali ya nyumbani nayo yatakuja: kiwanja cha Pongwe, mirathi ya babu, fidia ya shamba. Hayo ni ya sheria za Tanzania. Waelekeze kwa wakili wa hapa au kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Tanga.

Ukitaka kurudi

JD na leseni ya New York havikufanyi wakili wa Tanzania. Shahada ya nje hupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, kisha kuna Law School of Tanzania jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, inayotoa mafunzo ya vitendo kwa wenye shahada ya sheria wanaotaka uwakili. Waandikie wote wawili kabla hujaanza kusoma, uwaulize shahada ya chuo unachokitaka itapokelewaje, na uhifadhi majibu. Jua pia kwamba ukichukua uraia wa Marekani unapoteza wa Tanzania, na umiliki wa ardhi hapa una masharti yake kwa asiye raia. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo endelea kuandika hoja zako kwa Kiswahili ukiwa huko.

Na kama mwenye hamu ya sheria ni mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na bado yuko Tanga, hana haja ya kusubiri viza. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, ni cha umma, kinatoa cheti na stashahada ya sheria, na ada yake unaweza kuilipa wewe kutoka huko uliko. Ofisi zikifungua saa mbili asubuhi kwetu, New York ni saa saba usiku wakati wa joto na saa sita wakati wa baridi. Piga ukitoka zamu ya usiku.